Barabara Isiyo na Watu: Uhakiki wa Kumbukumbu za Mbio za Cannonball

Kumbukumbu za safari ni fani kongwe katika maandishi ya Kiswahili, na mwanafunzi wa fasihi amezoezwa kuzisoma kwa maswali mawili: nani anasema, na nani hakupewa nafasi ya kusema. Maswali hayo yanafaa pia kuelekezwa kwa maandishi ya mbali ambayo kwa kawaida huachiwa wapenzi wa magari, kana kwamba hayastahili kuhakikiwa. Mojawapo ni kitabu Cannonball!, alichokitoa Brock Yates nchini Marekani mwaka 2002. Ndani yake zimekusanywa kumbukumbu zake na za wenziwe walioshiriki katika mbio za magari zisizo na kibali cha serikali, kutoka pwani ya Atlantiki hadi pwani ya Pasifiki, baina ya mwaka 1971 na 1979. Kitabu hicho kinachekesha, na wasimulizi wake wanajua kusimulia. Kwa sababu hizo mbili kinahitaji jicho kali zaidi kuliko kitabu kibaya.

Asili ya mambo ni fupi. Yates alikuwa mhariri katika jarida la Car and Driver. Yeye na mwenzake Steve Smith walibuni mbio hizo na kuzipa jina la Erwin Baker, dereva wa zamani aliyepachikwa lakabu ya Cannon Ball, yaani tufe la mzinga, ambaye mwaka 1933 alivuka Marekani peke yake kwa saa 53 na nusu. Masharti yalikuwa machache kupita kiasi. Kila kundi litoke kwenye gereji iliyoitwa Red Ball, mjini New York, lifuate njia litakayo kwa mwendo litakao, na atakayefika hoteli ya Portofino Inn, Redondo Beach, California, kwa muda mfupi kuliko wengine ndiye mshindi. Mwezi Mei 1971 Yates, mwanawe, Smith na rafiki yao mmoja walikwenda kwa basi dogo la Dodge kwa saa 40 na dakika 51. Inafaa kusimama hapa kidogo. Safari hiyo ya kwanza ilikuwa na gari moja tu. Hakukuwa na mshindani. Hata hivyo masimulizi yote yanaihesabu kuwa mbio za kwanza, na hakuna msimulizi anayeona haya kwa hesabu hiyo. Tangu mwanzo, basi, kumbukumbu inakuwa kubwa kuliko tendo lenyewe.

Mbio za pili, Novemba 1971, ndizo zilizojenga sifa. Yates alipanda na Dan Gurney, dereva wa kimataifa ambaye mwaka 1967 alishinda mbio za saa 24 za Le Mans na, katika mwezi huo huo, Grand Prix ya Ubelgiji. Gari lao lilikuwa Ferrari Daytona. Walifika kwa saa 35 na dakika 54, wastani wa karibu kilomita 129 kwa saa, vituo vya petroli vikiwemo. Zilifuata mbio za 1972, za 1975 na za 1979, na katika hizo za mwisho washindi walitumia Jaguar kwa saa 32 na dakika 51.

Sasa tazamwe fani. Mbio za kawaida zina waamuzi, watazamaji na vyombo vya habari, na kila mpindo wa njia una macho yake. Mbio hizi zilikuwa za siri kwa lazima. Ushahidi wa maandishi ulikuwa kadi iliyogongwa saa New York na kugongwa tena California. Baina ya mihuri hiyo miwili kuna karibu kilomita 4,600 ambazo hazina shahidi ila ulimi wa dereva mwenyewe na wa mwenziwe aliyeketi kando yake, pengine akisinzia. Msimulizi, kwa hiyo, yumo katika hali ya pekee. Tendo lake ni kosa mbele ya sheria, na busara ya kawaida ingemtaka akane. Lakini tendo hilo hilo, asipoliungama, halipo. Asiyesimulia hakushindana.

Ndiyo maana lugha ya kumbukumbu hizi imejaa kauli zenye nyuso mbili. Mfano unaojulikana kuliko yote ni maneno ya Gurney, aliyesema baada ya safari kwamba hawakupata hata mara moja kupita maili 175 kwa saa, yaani karibu kilomita 280. Umbo la kauli hiyo ni la mtu anayekana. Kilichomo ndani yake ni ungamo. Askari akiisikia amesikia mtu mtiifu anayeapa kwamba alijizuia. Rafiki akiisikia amesikia majigambo ya ajabu. Wenye kufundisha kinaya katika madarasa ya ushairi wangepata shida kutafuta mfano ulio mfupi zaidi na mkali zaidi. Kitabu kizima kimejengwa juu ya ufundi huo, na hapana budi kukiri kwamba katika ufundi huo kinafaulu.

Kinapofaulu kidogo ni katika kutoa picha ya nchi iliyovukwa. Pennsylvania, Ohio, Missouri, Oklahoma, New Mexico: majina yanapita kama nguzo za simu. Nchi inaonekana katika mambo matatu tu, nayo ni kituo cha petroli, askari wa barabarani, na mapambazuko. Hakuna kijiji, hakuna chakula chenye ladha, hakuna mtu anayeulizwa habari za nyumbani. Huenda mtu akajibu kwamba mwenye haraka hawezi kuona. Ni kweli, lakini kumbukumbu hizi ziliandikwa baadaye, kwenye kiti kisichotembea, na mwandishi aliyeketi ana muda wa kujiuliza ni nani alikuwa upande wa pili wa kioo.

Kuna jambo jingine ambalo mhakiki hawezi kuliacha, nalo ni la tarehe. Wengi wanaozungumzia mbio hizi, na hasa wale waliozijua kwa njia ya filamu The Cannonball Run ya mwaka 1981, husema kwamba zilikuwa upinzani dhidi ya sheria ya maili 55 kwa saa, sawa na kilomita 88 hivi. Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Rais Nixon tarehe 2 Januari 1974, baada ya msukosuko wa petroli ulioanza Oktoba 1973. Lakini mbio zilianza mwaka 1971. Mara tatu kati ya hizo tano magari yalikwisha kufika California kabla sheria hiyo haijawa hata mswada. Ni kweli kwamba Yates alikuwa na hoja tangu mwanzo. Alichukizwa na kampeni za usalama zilizoongozwa na watu kama Ralph Nader, akaamini kwamba dereva hodari, mwenye gari zuri, anaweza kukimbia salama katika zile barabara kuu ambazo Marekani ilianza kuzijenga kwa sheria ya mwaka 1956. Hiyo ni hoja, nayo inaweza kujadiliwa. Ila hoja ya maili 55 ni vazi lililoshonwa baadaye na kuvishwa tendo la zamani. Kumbukumbu huazima sababu iliyo nzuri zaidi pindi inapopatikana. Kukaidi amri ambayo watu wengi waliichukia kunasikika vizuri kuliko kukimbia kwa sababu ya hamu ya kukimbia. Sheria yenyewe ililegezwa mwaka 1987 na kufutwa mwaka 1995. Kitabu kilipotoka mwaka 2002, adui alikwisha kufa, na kila mtu alikuwa radhi kudai kwamba alimpiga.

Silaha kuu ya wasimulizi, hata hivyo, ni kicheko. Katika mbio za Novemba 1971 wanaume watatu, katika kundi lililojiita kwa mzaha jina la madereva wa Kipolandi, walijaza basi dogo la Chevrolet zaidi ya lita 1,000 za petroli ili wasilazimike kusimama njiani. Walishindwa na Ferrari kwa dakika 53 tu. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya sungura na kobe, na kwa kweli kina mvuto wake: basi zito lenye subira likilifukuza gari jepesi lenye kiu. Lakini msomaji akiondoa kicheko na kuangalia kilichobaki, ataona gari lililobeba mapipa matano ya petroli likipita usiku kwa mwendo mkali kando ya miji ambayo watu wake wamelala. Hawakuambiwa. Hawakuulizwa. Na katika masimulizi hawamo.

Mwaka 1979 ufundi wa kujificha ulifika kileleni. Yates na mwelekezi wa filamu Hal Needham walikwenda kwa gari la wagonjwa. Daktari wa kweli alikuwa ndani, na mke wa Yates alilala kwenye kitanda akijifanya mgonjwa. Gari hilo halikumaliza safari, kwa kuwa giaboksi yake iliharibika California, karibu na mwisho. Needham alikwenda kutengeneza filamu iliyotajwa hapo juu, Yates akaandika maandiko yake, na gari lile lile likaonekana humo likiendeshwa na Burt Reynolds. Kwa hiyo gari lililoshindwa kufika ndilo lililofika mbali kuliko yote katika kumbukumbu za ulimwengu. Hapa pana kicheko cha halali. Lakini pana pia swali ambalo kitabu hakilisogelei. Gari la wagonjwa hupishwa njia kwa sababu ya mapatano ya zamani baina ya wenye haraka ya kuokoa na wale wanaopisha. Anayeazima king'ora cha mgonjwa kwa ajili ya mchezo anatumia akiba ya imani ambayo si yake, naye hana njia ya kuirudisha. Kwa namna hiyo hiyo, katika filamu hiyo Dean Martin na Sammy Davis Jr. wanavaa mavazi ya mapadri. Kila vazi lililotumika kumdanganya askari ni vazi ambalo watu walikuwa wakiliamini.

Mahali ambapo kicheko kinakaribia kukatika ni Texas, mwaka 1972. Wanawake watatu walikuwa katika Cadillac ndefu ya kifahari. Usingizi ulimshinda aliyekuwa akiendesha, gari likaacha njia na kupinduka, na mmoja wao akavunjika mkono. Kisa hiki kina uzito mkubwa kuliko nafasi kinachopewa. Sababu ni kwamba hoja yote ya Yates imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni umahiri wa dereva. Wanawake hawa walikuwa watu wa mchezo wenyewe. Mmoja wao, Donna Mae Mims, alikuwa mwanamke wa kwanza kupata ubingwa wa kitaifa wa chama cha magari ya michezo cha Marekani, mwaka 1963. Hakuna awezaye kusema kwamba walikosa umahiri. Kilichowaangusha ni usingizi, na usingizi hauchagui bingwa. Katika kurasa nyingine za kumbukumbu hizi, kukosa usingizi kwa saa 35 ni sehemu ya ushujaa, ni kama kovu la vita. Huko Texas usingizi ule ule unaonyesha uso wake mwingine, na msimulizi anapita haraka.

Watetezi hujibu kwamba katika mbio zote tano hakuna aliyekufa. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi hata likawa kama methali. Bahati imegeuzwa kuwa hoja. Yates mwenyewe, nje ya kicheko, alijua hivyo. Baada ya 1979 aliacha, na miongoni mwa sababu alizozitoa ni hofu kwamba iko siku mtu atauawa. Mwaka 1984 alianzisha mashindano mengine, yenye kibali na kanuni. Hofu hiyo ni ukweli mkubwa kuliko mizaha yote iliyotangulia, na ingefaa kuwa kiini cha kitabu. Badala yake inasimama kama mlango wa uani: msimulizi anatoka kwa mlango huo, bila kumwalika msomaji atazame kilichoko nje.

Hapa ndipo mazoea ya kusoma Kiswahili yanaposaidia. Katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, njia ya kutoka pwani hadi Kasongo na hadi maporomoko yaliyo karibu na Kisangani ya leo imejaa watu. Kila kituo kina mtemi mwenye jina, kila pembe ina uzito wake, kila hongo ina sababu yake. Msafiri hapiti mahali bila kuonana na mwenye mahali. Haifai, hata hivyo, kumfanya Tippu Tip kuwa kielelezo cha uadilifu. Waliotekwa na waliobebeshwa pembe katika safari zile wamo ndani ya kitabu kama idadi, si kama ndimi. Nao pia ni barabara iliyokanyagwa. Tofauti ni kwamba yeye anaacha alama zao katika maandishi, hivi kwamba msomaji wa baadaye anaweza kuwatafuta. Katika kumbukumbu za Cannonball hata alama hazipo. Dereva wa gari la kawaida aliyepitwa saa nane usiku kwa mwendo wa ndege, pengine watoto wake wamelala kiti cha nyuma, hahesabiwi hata kwa tarakimu.

Kwa wasomaji wa Lubumbashi ulinganisho ulio karibu zaidi ni ule wa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani. Mabwana waliandika kumbukumbu zao za Katanga, na katika nyingi kati ya hizo mpishi na boi ni vivuli vinavyoleta chai. Yav aliandika upande wa vivuli, kwa Kiswahili cha mjini mwao, bila kuomba ruhusa ya sarufi. Baada ya kumsoma Yav, haiwezekani tena kuzisoma kumbukumbu za mabwana kwa utulivu ule wa zamani. Mbio za Cannonball hazijampata Yav wao. Hakuna kitabu cha dereva wa lori wa Oklahoma, wala cha mhudumu wa kituo cha petroli aliyemjazia mtu mwenye macho mekundu akijua kwamba dakika moja baadaye mtu huyo atakuwa tena barabarani. Anayetaka kuijua habari hii kwa ukamilifu hana pa kwenda ila kwenye kimya.

Maandishi yaliyofuata yalibadilika kwa namna inayostahili kutajwa. Alex Roy, aliyevuka mwaka 2006 kwa saa 31 na dakika 4, alitoa kitabu chake mwaka 2007. Ed Bolian, aliyevuka mwaka 2013 kwa saa 28 na dakika 50, alitoa chake mwaka 2017. Katika maandishi ya watu hawa ulimi hautoshi tena. Kuna vipimo vya satelaiti, kamera, mashahidi walioandaliwa, na kuna hesabu ya muda unaotakiwa upite kabla ya kusema ili mahakama isiweze kushitaki. Kumbukumbu imekuwa jalada. Kinaya cha Gurney kimetoweka, maana mashine haijui kinaya. Kwa upande wa sanaa ni hasara. Kwa upande wa maudhui hakuna kilichoongezeka: vyombo vyote hivyo vinapima gari moja, na barabara iliyobaki ni tupu kama zamani.

Nje ya Marekani utupu huo ulivunjwa. Mwezi Mei 1994, katika mashindano yaliyotumia jina la Cannonball huko Australia, yakiwa na kibali, Ferrari moja iliacha njia kwenye kituo cha ukaguzi karibu na Alice Springs. Washindani wawili walikufa pamoja na wasimamizi wawili waliokuwa wamesimama hapo. Mwezi Mei 2007, katika msafara wa Gumball 3000, ambao ni mtoto wa desturi hiyo hiyo, gari la washiriki liligongana na gari la wazee wawili, mume na mke, nchini Makedonia. Wote wawili walipoteza maisha, na msafara ukavunjwa. Wazee hao ndio watu ambao kitabu cha Yates hakikuwaona. Walikuwa katika barabara yao, karibu na kwao, kwa mwendo wao.

Halafu ikaja 2020. Katika miezi ya Aprili na Mei, ugonjwa wa Covid ulipowafungia Wamarekani majumbani, barabara kuu zikabaki wazi mchana kutwa, na rekodi ya kuvuka nchi ikavunjwa zaidi ya mara moja katika majuma machache. Mwezi Mei madereva wawili walifika kwa saa 25 na dakika 39, katika Audi iliyopambwa ifanane na gari la polisi. Tangu 1971 wasimulizi walikuwa wakiwaondoa watu barabarani kwa kalamu. Mwaka huo watu waliondolewa kweli, na wengi wao walikuwa wamelala hospitalini.

Wahusika wa safari hizo za 2020 wameanza kusimulia. Mihuri ya saa ipo, picha zipo, jedwali za mwendo zipo kwa kila jimbo. Msomaji anayezipitia atakuta tena petroli, askari na mapambazuko, na safari hii hata magari ya kupitwa ni machache.